Mama Mtendaji Anajibu: Muhuri wa Kijiji Unalala kwa Nani?

Safu hii hupokea maswali ya wanawake wanaofanya kazi za Serikali zinazokutana na mwananchi uso kwa uso: watendaji wa vijiji na kata, wauguzi, walimu, maafisa ugani, makarani wa dirishani. Wanaume pia huandika, hasa wakiwa na hasira. Anayejibu alianza utendaji wa kijiji mkoani Morogoro enzi za kodi ya maendeleo na kustaafu akiwa Mtendaji wa Kata.

SWALI: Shikamoo Mama Mtendaji. Nina miaka 26, nimesoma Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo na hii ndiyo ajira yangu ya kwanza: Mtendaji wa Kijiji. Mwenyekiti wetu ni mzee wa rika la baba yangu, watu wanamheshimu na mimi namheshimu. Lakini muhuri wa kijiji unakaa nyumbani kwake. Watu wakiuziana mashamba wanagongewa huko huko jioni, mimi nasikia kesho yake kisimani. Mihtasari anaandika mjumbe anayemwamini yeye. Kwenye vikao natumwa kuita wajumbe na kuchemsha chai. Nikigusia, naambiwa, "Taratibu binti yetu, umekuja juzi." Na usiku nagongewa mlango wa chumba nilichopanga. Wengine wana shida ya kweli, wengine sielewi wanataka nini. Nifanyeje bila kuonekana sina adabu?
Mtendaji mgeni, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na ugeni.

Tuanze na muhuri, chai itafuata. Tafuta tangazo la kazi uliloomba, naamini bado unalo kwenye simu. Limeandika kwamba Mtendaji wa Kijiji ndiye Afisa Masuuli na mtendaji mkuu wa Serikali ya Kijiji, ni mlinzi wa amani, ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, na ndiye anayehifadhi kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji. Mwenyekiti anaongoza kikao, wewe unakiandika. Mzee wako anafanya yote mawili, na mimi sioni kwamba ni lazima awe na nia mbaya. Vijiji vingi vimewahi kukaa bila mtendaji, au mtendaji mmoja akakaimu viwili vitatu. Muhuri ukabaki kwa mtu aliyepo, mtu akauzoea.

Ila elewa jambo moja. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya akija hatapita nyumbani kwa mwenyekiti. Atakuja mezani kwako aulize hati za mauziano ziko wapi, ile asilimia ya mauzo inayolipwa kijijini imeingia kwenye mashine ya mapato au imeingia mfukoni, na mihtasari yenye sahihi iko wapi. Mwenyekiti amechaguliwa; akiharibu, wananchi watamngoja kwenye uchaguzi. Wewe umeajiriwa. Ukiharibiwa kazi na mtu mwingine, jalada linaandikwa jina lako, na jalada hilo linahama na wewe mpaka siku ya kiinua mgongo.

Kwa hiyo nakuuliza: uliingia ofisini kwa makabidhiano? Kuna karatasi yoyote yenye orodha ya ulivyovikuta, kuanzia muhuri, rejista, daftari la mihtasari, vitabu vya stakabadhi, mashine ya kukusanyia mapato (POS), mpaka funguo? Kama haipo, hapo ndipo pa kushika. Mwandikie Mtendaji wa Kata, nakala kwa Mkurugenzi, useme tu kwamba hukukabidhiwa na unaomba makabidhiano rasmi. Usimtaje mzee. Usilalamike. Barua ya mistari sita inatosha, na nakala yako igongwe "imepokelewa" na tarehe.

Kabla barua haijafika, nenda kwa mzee mchana, nyumbani kwake, na Mtendaji wa Kata akiwepo ukimpata. Usiende na jambo hili kikaoni mbele ya wajumbe. Mwanaume wa umri ule akibanwa mbele ya watu hatarudi nyuma hata akijua amekosea. Mwambie, "Mzee, wakaguzi wakija wataniuliza mimi, na mimi sina pa kusimama. Nisaidie." Halafu mpe njia ya kutoka: makabidhiano yafanyike hadharani na yeye ndiye akukabidhi, apigiwe makofi. Nimeona wazee wagumu wakikabidhi hata kiti walichokalia, mradi waonekane wametoa wenyewe.

Muhuri ukifika mkononi, nunua daftari la kaunta. Kila ukigonga, andika tarehe, jina la aliyeomba, karatasi inahusu nini, naye aweke sahihi au dole gumba. Watakucheka wiki ya kwanza.

Nikueleze kwa nini nalisisitiza hili. Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mjane alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Shemeji zake walikuwa wameuza shamba lake la mpunga kwa mtu wa mjini. Karatasi ilikuwa safi: muhuri, mashahidi, sahihi, tarehe. Mjane hakuwa na karatasi yoyote. Nikachukua daftari la mihtasari nikatafuta ile tarehe. Halmashauri ya Kijiji haikuwa imekaa mwezi ule wote. Yaani muhuri uligongwa, kikao hakikuwepo. Shauri lilipokwenda Baraza la Kata (wakati huo mabaraza yalikuwa yanaamua, tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yanasuluhisha tu), shemeji wakaja na hoja ya mila, kwamba kwao mwanamke harithi ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imelimaliza hilo: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Lakini nakuhakikishia, kilichomwokoa yule mama kwanza ni ukurasa ambao haukuwa na kitu. Angekuwepo mjumbe mwaminifu wa mtu, wa kuandika muhtasari baadaye na kuurudisha nyuma tarehe, shamba lingekwenda. Ndiyo maana nakwambia kalamu ya kikao isikae kwa mtu mwingine hata siku moja.

Sasa chai. Mimi nimemimina chai miaka yote na sikupungukiwa chochote, kwa sababu nilimimina baada ya kusoma muhtasari na wajumbe kuuthibitisha. Kisichofaa ni wewe kuwa jikoni wakati ajenda ya pili inajadiliwa. Omba kijiji kilipe mama lishe alete chai saa ya mapumziko. Wakikataa kwa sababu ya hela, basi kikao kikae bila chai, uone kitakavyoisha mapema.

Na kuitwa "binti yetu", kuache kwanza. Wanaokuita hivyo ndio watakaokuja kukutetea siku kijana mlevi akikutukana kwenye mkutano wa hadhara. Jina litabadilika lenyewe wakishaona mapato na matumizi yamesomwa kila robo mwaka na yamebandikwa ukutani. Wengi hawajawahi kuyaona yamebandikwa.

Usiku ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali. Mlinzi wa amani halazimiki kufungua mlango saa nne usiku akiwa peke yake. Wewe uko Tabora, sungusungu wanajulikana kwenu tangu miaka ya themanini. Zungumza na kamanda wao na wenyeviti wa vitongoji, namba zao zibandikwe mlangoni mwa ofisi, na utangaze kwenye mkutano kwamba shida za usiku zinapita kwao kwanza, halafu wao ndio wanakuja kukuita wakiwa wawili. Hama chumba cha pembeni, tafuta nyumba ambayo mama mwenye nyumba analala humo humo. Wenye shida ya kweli utaratibu huu hautawazuia. Wale wengine utashangaa wanavyopungua.

Mwanamke aliyepigwa akija usiku, huyo fungua, ila mwite mama mwenye nyumba aamke mwe wawili. Mpeleke polisi apate PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, na aonane na Dawati la Jinsia na Watoto. Usikubali kumsuluhisha na mumewe barazani kwako saa sita usiku kwa sababu ndugu wamekuja wanakubembeleza. Kumpiga mtu ni jinai, na ndoa haiigeuzi kuwa shauri la kusuluhisha.

Mwisho kwako: nyama. Utaletewa. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya mtu atatuma mguu wa mbuzi jioni, kabla afisa ugani hajafanya tathmini ya mazao yaliyoliwa. Mkulima naye atatuma kuku. Rudisha vyote viwili, kwa salamu nzuri, kupitia kwa mtoto yule yule aliyeleta, na wasikie majirani. Mtendaji mwanaume akila mguu wa mbuzi, wanasema amekula rushwa. Ukila wewe, watasema rushwa na mengine juu yake, na hayo mengine hayana stakabadhi ya kukanushia.

SWALI: Mama, mimi ni mwanaume na nasema ukweli. Mke wangu alipojifungua, muuguzi alimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Siku hiyo hiyo dirishani mama mwingine alinihudumia bila kuniangalia usoni. Kwa nini akina mama mkipewa ofisi mnakuwa wakali kuliko wanaume? Mimi naona bora nihudumiwe na mwanaume.
Fundi cherehani, Tanga

JIBU: Fundi, hongera ya mtoto kwanza.

Maneno aliyotolewa mkeo sitayatetea. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi yuko mikononi mwa mtu, hana pa kwenda, na anayemtukana wakati huo anajua hana pa kwenda. Nenda kituoni na tarehe na zamu (asubuhi, mchana au usiku). Jina si lazima, orodha ya zamu wanayo. Mwone Mganga Mfawidhi, usiporidhika iandikie Kamati ya Usimamizi ya Kituo, ina wajumbe wa kutoka kwa wananchi. Na juu ya hapo kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linalotoa leseni na ndilo linaloweza kuigusa. Watu wengi hulalamika kwenye daladala tu, halafu yule muuguzi anabaki kuamini kwamba hakuna aliyeumia.

Huyo wa dirishani naomba tumtenganishe. Kutokuangaliwa usoni ni jambo dogo, na nina swali: karani mwanaume asipokuangalia, unasemaje? Nimekaa ofisi za Serikali muda mrefu na nimesikia majibu. Mwanaume akinyamaza kwenye dirisha, yuko makini na kazi. Mwanamke akinyamaza, ana maringo. Akitabasamu nayo ni taabu, kuna watu watachukua tabasamu hilo wakaondoka nalo kuomba namba ya simu.

Nilikuwa na msaidizi kijana wa kiume, wa kujitolea, amemaliza kidato cha nne tu. Watu walinipita mlangoni na salamu ya haraka, wakaingia ndani wakamwamkia yule kijana, "Shikamoo mheshimiwa," wakamweleza shida zao zote mwanzo hadi mwisho. Kijana akawaambia mtendaji ni yule mama mliyempita. Wapo waliotoka wakaniomba radhi. Wapo waliokasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyewadanganya. Ukikutana na hayo asubuhi hadi jioni unajifunza kuwa na uso mkavu, kwa sababu ndio uso unaofanya karatasi zitembee. Si uzuri, nakubali. Wengine huuvaa mpaka wanasahau kuuvua, wakaingia nao wodini, na hapo ndipo ulipokutana nao wewe.

Na mwangalie muuguzi wa zahanati ya kijijini. Usiku yuko peke yake, taa ya sola imezima, anashika tochi ya simu kwa meno, mama wa uzazi wa kwanza anapiga kelele, ndugu mlangoni wanamwita mvivu, na rufaa inahitaji gari. Angalau siku hizi kuna m-mama. Anapiga 115 bure na usafiri wa dharura unatafutwa, hata gari la mtu binafsi lililosajiliwa. Zamani mama alibebwa kwa machela, au baiskeli. Nayasema haya ili ukienda kwenye ile kamati kulalamika, usiishie kwenye maneno. Uliza pia kama zahanati ina mlinzi wa usiku na kama hana, kwa nini hajawekwa kwenye bajeti, maana siku hizi fedha za kituo zinaingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe na kamati hiyo hiyo ndiyo inayopitisha matumizi.

Kuhusu kuhudumiwa na mwanaume, chaguo ni lako. Mkeo ulimuuliza?

SWALI: Mama Mtendaji, nafundisha darasa la kwanza shule ya msingi. Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto ananyonya. Mwalimu Mkuu anasema masaa ya kunyonyesha ni ya watu wa ofisini, na nikitaka kutoka nitafute mwenyewe wa kushika vipindi vyangu. Ni kweli?
Mama Asali, Njombe

JIBU: Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku, na haikutenga mwalimu wa darasa la kwanza. (Wenzetu wa polisi, jeshi, magereza na JKT ndio sheria hiyo haiwahusu, wana taratibu zao; askari wa barabarani mwenye mtoto mchanga asinukuu jibu hili kwa mkuu wake wa kituo.) Likizo yenyewe ni siku 84, na 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kupanga nani ashike vipindi ni kazi ya uongozi wa shule. Lakini usiende kudai mikono mitupu. Kaa na mwalimu wa taaluma, mtoe ratiba ambayo vipindi vyako vya kusoma na kuandika viko asubuhi, saa zako za kunyonyesha zikae mbele au nyuma ya mapumziko, kisha umwandikie Mwalimu Mkuu kuomba kibali na ratiba ukiambatanisha. Akikataa, akatae kwa maandishi. Wengi wakiombwa kukataa kwa maandishi hukumbuka kwamba wanaweza kuruhusu.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, mume wangu yuko mkoa mwingine, tumeishi mbalimbali tangu tuoane. Nimeomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Nilipofuatilia, afisa mmoja aliniambia jambo langu ni dogo, nimpe namba yangu tuzungumze tukitoka kazini. Sasa ananitumia meseji usiku. Dada mmoja wa hapa kazini ameniambia nivumilie, wote walipita. Mume wangu nimemwambia, anataka kwenda kumpiga.
Muuguzi, naomba mkoa usitajwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo dada hakukushauri, alikusimulia yaliyompata. Mwonee huruma, lakini usimfuate.

Hilo lina jina na lina kifungu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, kifungu cha 25, inamhukumu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kudai ngono ili atoe kile ambacho ni haki ya mtu au huduma. Hata kabla hujampa kitu, kudai kwenyewe ni kosa. Usifute meseji hata moja, hata ile ya "mambo vipi". Usimjibu kwa matusi, wala usimjibu kwa utani. Mjibu mara moja tu: "Naomba mawasiliano ya uhamisho wangu yapite ofisini." Basi. Piga picha ya skrini za meseji zote, zitume kwa mtu unayemwamini zikae kwenye simu nyingine, maana simu huibiwa wakati wa mambo kama haya. Kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, au nenda ofisi yao iliyo karibu. Usimwambie mtu hapo kazini siku utakayokwenda.

Wakati huo huo, uhamisho wenyewe usiuache usimame. Maombi yako yawe kwenye mfumo wa watumishi, si kwenye bahasha aliyoshika mtu mkononi. Ambatanisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mumeo. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, mwambie katibu wa tawi akuandikie barua ya kufuatilia. Unakatwa ada kila mwezi, watumie.

Mumeo asiende kumshika mtu shati. Akifanya hivyo kesi inageuka kuwa yake: afisa ataonyesha jeraha, hakuna atakayeuliza meseji, na wewe utakuwa unapeleka chakula mahabusu badala ya kutoa maelezo TAKUKURU. Kama anataka kusaidia, aombe ruhusa kazini kwake, aje akusindikize siku hiyo ya maelezo na akae benchi la nje. Na ule uhamisho ukitoka kwa njia ya halali, niandikie umepangiwa kituo gani. Kama ni mkoa wangu, nitakuonyesha nyumba za kupanga zenye mama mwenye nyumba ndani.